Penseli Ilipoingia Mtaani: Jinsi anime ilivyohamia katika miji halisi ya Japani

Katika majira ya joto ya mwaka 1973, kikundi kidogo cha Wajapani kilitua Uswisi kikiwa na madaftari na kamera. Alikuwamo Isao Takahata, mwongozaji wa katuni. Yoichi Kotabe, mbunifu wa sura za wahusika. Na Hayao Miyazaki, mchoraji wa miaka 32 ambaye jina lake lilikuwa bado halijavuka mipaka ya fani yake. Walikwenda Maienfeld, mji mdogo ulio chini ya milima, wakajionee nyumba, malisho na mbuzi kwa macho yao. Walikuwa wakitayarisha Heidi, hadithi ya yatima anayepelekwa kuishi na babu yake mlimani. Januari 1974 mfululizo huo ulianza kurushwa na televisheni ya Fuji, ukaendelea mwaka mzima kwa vipindi 52.

Kwa katuni ya televisheni, safari ya namna hiyo ilikuwa anasa. Tangu Astro Boy ya Osamu Tezuka ilipoanza kurushwa mwaka 1963, studio za Japani zilizoea kukimbizana na wiki: kipindi kimoja kikitoka mkononi, kinachofuata kimeshachelewa. Fedha zilikuwa haba, na kitu cha kwanza kubanwa kilikuwa mandhari. Nyuma ya mhusika uliwekwa ukuta, mti au wingu, kazi ikasonga.

Heidi ilikwenda kinyume. Miyazaki alipewa kazi ya kuchora mpangilio wa kila onyesho katika vipindi vyote: mlango uko wapi, dirisha linatazama upande gani, ngazi iko umbali gani kutoka mezani. Mtazamaji akishakaa na kipindi kwa mwezi mmoja, aliijua nyumba ya babu kama anavyoijua ya shangazi yake. Takahata alifuata njia hiyo hiyo mwaka 1976 kwa hadithi ya Marco, mvulana wa Genoa anayemtafuta mama yake hadi Argentina, na mwaka 1979 kwa hadithi ya Anne katika Kisiwa cha Prince Edward, Kanada. Ndiyo kusema wachoraji hawa waliyachora kwa makini mapaa ya ugenini kabla hawajaketi kuyachora mapaa ya kwao.

Si kwamba maisha ya kawaida ya Japani hayakuwapo kwenye skrini. Sazae-san, katuni ya familia moja ya Tokyo iliyotokana na michoro ya Machiko Hasegawa, ilianza Oktoba 1969 na hadi leo hurushwa Jumapili jioni. Hakuna katuni ya televisheni duniani iliyodumu kuizidi. Lakini mtaa wa Sazae ulikuwa wa kila mtu. Hakuna ambaye angeweza kushuka stesheni fulani, akakunja kona, akasema: ni hapa.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1981 Takahata aliingia Osaka kwa njia ya filamu. Chie, msichana anayeendesha kibanda cha nyama ya kuchoma kwa sababu baba yake ni mcheza kamari asiye na kazi, aliongea kwa lafudhi ya Osaka, na baadhi ya sauti zilitolewa na wachekeshaji wa mji huohuo. Mtaa ulikuwa wa watu maskini na filamu haikuupamba.

Tarehe 16 Aprili 1988 filamu mbili za Studio Ghibli zilitolewa siku moja, zikaonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. My Neighbor Totoro ya Miyazaki ilikaa katika mashamba na misitu ya vilima vya Sayama, karibu na Tokorozawa alikoishi mwenyewe. Mchora mandhari Kazuo Oga aliipa kila saa ya siku rangi yake. Grave of the Fireflies ya Takahata, iliyotokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka, ilikaa Kobe na Nishinomiya za mwaka 1945, mabomu ya moto yakinyesha. Takahata hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa na umri wa miaka tisa ndege za Marekani zilipouchoma mji wa Okayama, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokimbia.

Totoro ilileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Vilima vya Sayama vilikuwa vinaliwa na nyumba za watu wanaofanya kazi Tokyo. Mwaka 1990 wakazi walianzisha mfuko wa kununua misitu hiyo kwa michango ya wananchi, wakapewa ruhusa ya kutumia jina la Totoro. Kipande cha kwanza kilinunuliwa mwaka 1991. Leo vipande hivyo vimepita hamsini, na kila kimoja kina namba yake: Msitu wa Totoro namba 1, namba 2, kuendelea.

Waongozaji wengine nao walikuwa wameanza kutembea. Mamoru Oshii, kwa ajili ya filamu ya Patlabor ya mwaka 1989, alimtuma mpigapicha Haruhiko Higami katika vichochoro vya Tokyo. Katikati ya hadithi ya mashine kubwa, wapelelezi wawili wanazunguka nyumba kuukuu na mifereji inayosubiri kufukiwa. Kwa filamu yake ya mwaka 1991 Takahata alikipeleka kikosi chake Yamagata kuchunguza kilimo cha benibana, ua la manjano linalotoa rangi nyekundu, akalionyesha kuanzia kuchumwa alfajiri kabla miiba haijakauka hadi kukandwa na kuanikwa. Mwaka 1994 alionyesha vilima vya Tama, magharibi ya Tokyo, vikisawazishwa na matingatinga ili kujenga mji mpya. Mwaka mmoja baadaye Yoshifumi Kondo alipanda vilima vya pande hizohizo na filamu ya Whisper of the Heart, safari hii maghorofa yakiwa yamesimama na watoto wake wakiazima vitabu maktaba. Stesheni ya Seiseki-Sakuragaoka, mteremko mkali ulio juu yake na mzunguko wa barabara ulioko kileleni, vyote vilitambulika. Vijana wakaanza kwenda kuvitazama.

Picha mkononi

Muongo uliofuata ulileta mabadiliko mawili. La kwanza lilikuwa saa ya kurusha vipindi. Neon Genesis Evangelion, iliyoanza Oktoba 1995 na kuuweka mji wake wa kubuni huko Hakone, iliwathibitishia wawekezaji kwamba watu wazima watatoa fedha zao kununua katuni. Mifululizo mingi ikahamia usiku wa manane, ikilenga watu wenye mshahara na uwezo wa kusafiri. La pili lilikuwa kamera ya dijitali. Mwongozaji aliweza kuuzunguka mji kwa siku mbili na kurudi na mamia ya picha. Nguzo ya umeme iliyopo haihitaji kubuniwa. Mchora mandhari anaiweka ilipo, na saa zake anazitumia kwenye mwanga na kivuli.

Kwa upande wa pili wa skrini, mtazamaji naye sasa alikuwa na DVD anayoweza kuisimamisha. Alilinganisha paa, alama ya barabarani na umbo la mlima, akaitafuta stesheni kwenye ramani, akafunga safari. Akifika, alisimama palepale penye pembe ya mchoro na kupiga picha ileile: mteremko uleule, uzio uleule, mhusika tu ndiye hayupo. Safari hizi zikapata jina la seichi junrei, yaani ziara ya mahali patakatifu, jina ambalo Wajapani walikuwa wakilitumia kwa hija za mahekalu.

Ziwa Kizaki, katika mkoa wa Nagano, lilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuzoeleka. Please Teacher!, mfululizo wa mwaka 2002, ulichora gati, stesheni ndogo na duka la kando ya ziwa hilo. Mashabiki walikuja mwaka baada ya mwaka, na baadhi yao wakajitolea kuokota taka ufukweni. Mwaka 2006 Kyoto Animation, studio iliyoko Uji badala ya Tokyo, ilitoa The Melancholy of Haruhi Suzumiya, ambayo kila mkazi wa Nishinomiya aliitambua: stesheni ya Kitaguchi, mlima wa kwenda shuleni, mkahawa wa kukutania. Ni Nishinomiya ileile ambayo Takahata alikuwa ameichora ikiungua. Safari hii wanafunzi walikuwa wanalalamikia mteremko.

Washimiya yapokea wageni

Hadi hapo habari ilikuwa kati ya wachoraji na watazamaji. Wenyeji waliingia mwaka 2007.

Aprili mwaka huo Kyoto Animation ilianza kurusha Lucky Star, vichekesho vya wasichana wanne wanaozungumza kuhusu chakula, mitihani na uvivu. Wawili kati yao ni mapacha, na baba yao ni kuhani wa hekalu la Kishinto. Hekalu hilo lilichorwa kwa kulifuata la Washinomiya, mojawapo ya makongwe kuliko yote katika tambarare ya Kanto, lililoko Washimiya, mji wa mkoa wa Saitama uliokuwa na watu wasiofika elfu arobaini. Uhai wa biashara ulikuwa umeshahamia kwenye maduka makubwa ya barabara kuu, na wenye maduka madogo walikuwa wanazeeka pamoja na maduka yao.

Katika miezi ya joto vijana wenye kamera walianza kuonekana langoni mwa hekalu. Wenyeji walijiuliza hawa ni nani. Kwenye vibao vya nadhiri, ambavyo kwa kawaida huandikwa maombi ya kufaulu mitihani au kupata mchumba, zikatokea picha za wasichana wenye macho makubwa zilizochorwa kwa ustadi. Watumishi wa chama cha wafanyabiashara wa mji walifanya jambo rahisi: waliwaendea vijana hao, wakawauliza wametoka wapi, wanapenda nini, wangependa kununua nini.

Majibu yaliongoza kila hatua iliyofuata. Chama kiliwasiliana na kampuni ya Kadokawa, mwenye haki za kazi hiyo, kikapata ruhusa. Desemba 2007 iliandaliwa hafla pamoja na waigizaji wa sauti, wakahudhuria mashabiki 3,500. Vilitengenezwa vishikizo vya simu vya mbao vyenye umbo la kibao cha nadhiri, lakini havikurundikwa kwenye kibanda kimoja langoni. Viligawanywa katika maduka madogo ya mji, kila duka na vyake. Aliyetaka kuvikusanya vyote ilimbidi aingie kwa kinyozi, kwa muuza saa na kwa muuza vitafunio, na huwezi kuingia dukani kwa mzee bila kusalimiana naye.

Sikukuu ya mwaka mpya ndiyo iliyopeleka habari hii kwenye magazeti ya nchi nzima. Kwa siku tatu za mwanzo wa mwaka 2007, kabla ya katuni, hekalu lilipokea watu takriban 90,000. Mwaka 2008 wakawa 300,000. Mwaka 2009 wakafika 420,000.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Washimiya walifanya hivyo hasa. Septemba 2008, katika sherehe ya kijadi ambapo vijana wa mji hubeba mikoshi, lile jumba dogo la mungu linalopanda na kushuka juu ya mabega, ilitengenezwa mikoshi ya pili yenye picha za wahusika wa Lucky Star. Ilibebwa na mashabiki waliotoka mikoa ya mbali. Kipindi kilikuwa kimeshafungwa mwaka mzima uliopita, lakini mikoshi iliendelea kutoka mwaka baada ya mwaka, na wabebaji walewale wakirudi. Mwaka 2018 lango la mbao la hekalu, lililoonekana katika kila kipindi, liliporomoka kwa kuoza. Lango jipya lilisimamishwa mwaka 2021, na miongoni mwa waliochangia walikuwa watu waliolijua kwanza kwa kuchorwa.

Ngazi ya kobe na sungura

Huko Toyosato, mkoa wa Shiga, kuna shule ya msingi iliyojengwa mwaka 1937 kwa fedha za Tetsujiro Furukawa, mzaliwa wa hapo aliyepanda vyeo katika kampuni ya biashara ya Marubeni. Ilisanifiwa na William Merrell Vories, mzaliwa wa Marekani aliyefanya kazi Japani sehemu kubwa ya maisha yake. Ina kuta nyeupe, korido ndefu na ukumbi wenye jukwaa. Kwenye mkono wa ngazi kuna sanamu ndogo za shaba za kobe na sungura. Chini kabisa wanaanza pamoja. Ukipanda, sungura yuko mbele. Ukipanda tena, amelala. Na juu kabisa kobe ndiye aliyefika. Mtoto aliyepanda ngazi hiyo kila asubuhi aliisoma hadithi nzima kwa kiganja chake.

Mwaka 2002 mkuu wa mji alitaka jengo hilo libomolewe na shule mpya ijengwe. Wakazi walikwenda mahakamani, wakapata zuio. Mafundi walipofika Desemba na kuanza kuvunja madirisha, wakazi waliingia ndani wakakaa. Mwaka uliofuata walimwondoa mkuu huyo kwa kura, ingawa alirudi katika uchaguzi uliofuata. Hatimaye shule mpya ikajengwa pembeni, jengo la zamani likasalimika, likakarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2009.

Mwezi Aprili wa mwaka huohuo, Kyoto Animation ilianza kurusha K-On!, hadithi ya wasichana wa klabu ya muziki ambao hunywa chai zaidi kuliko wanavyopiga gitaa. Mfululizo haukutaja Toyosato popote, lakini ngazi ilikuwa ileile, pamoja na kobe wake. Mashabiki walipoigundua walimiminika. Katika chumba cha juu, ambacho katuni ilikifanya chumba cha klabu, meza zilipangwa kama zilivyo kwenye skrini, na vikombe, birika na sahani za keki vinavyofanana na vya wasichana wale vikaongezeka, vingi vikiletwa na wageni wenyewe. Jengo lililoitwa mzigo kwa mji likawa sababu ya watu kushuka treni Toyosato. Lakini utaratibu wa mambo tuuweke sawa: si katuni iliyoliokoa. Waliliokoa wazazi na wazee waliokaa ndani yake kwenye baridi ya Desemba. Bila wao, studio isingekuwa na ngazi ya kuchora.

Baada ya maji

Julai 2008 mvua kubwa iliufurisha mto Asano, na kijiji cha chemchemi za maji moto cha Yuwaku, pembezoni mwa Kanazawa, kikaingiliwa na maji na matope. Kilikuwa bado kinajikongoja pale P.A. Works, studio ya mkoa jirani wa Toyama, ilipokichagua kwa ajili ya Hanasaku Iroha, hadithi ya msichana wa Tokyo anayepelekwa kufanya kazi katika nyumba ya wageni ya bibi yake. Mfululizo ulirushwa kuanzia Aprili 2011.

Ndani yake mlikuwa na sherehe ya kubuni. Mungu mdogo wa kike anapotea njia akirejea kwa wenzake katika mwezi wa kumi, watu wanamwashia taa za karatasi ili aione barabara, na yeye anachukua maombi yao waliyoyaandika kwenye vibao. Haikuwapo sherehe kama hiyo Yuwaku. Wenyeji na studio wakakubaliana kuianzisha, na Oktoba 2011, wiki chache tu baada ya kipindi cha mwisho, Bonbori Matsuri ilifanyika kwa mara ya kwanza, taa zikiwa zimepangwa kando ya barabara ya kijiji na makuhani wa kweli wakiongoza ibada. Iliendelea kurudi kila msimu wa vuli. Watoto wa Yuwaku waliozaliwa baada ya hapo wanaijua kama sherehe ya kwao.

Mwaka huohuo, tarehe 11 Machi, tetemeko kubwa lilileta tsunami katika pwani ya mashariki. Oarai, mji wa uvuvi na mapumziko katika mkoa wa Ibaraki, ulipigwa na mawimbi ya mita nne hivi. Bandari ilisafishwa, lakini wageni hawakurudi. Hofu ya mionzi kutoka Fukushima ilitosha kuwazuia waogeleaji na wanunuzi wa samaki. Oktoba 2012 ikaanza Girls und Panzer, hadithi isiyo na hata chembe ya kuaminika, ambamo kupambana kwa vifaru vya Vita Kuu ya Pili ni mchezo wa heshima wa wasichana wa shule. Vifaru hivyo vilipita katika mitaa ya Oarai iliyochorwa duka kwa duka, na katika kipindi cha nne kimoja kiliivamia nyumba ya wageni ya kweli ya mji huo.

Wenyeji walicheka, kisha wakafanya kazi. Sanamu bapa za wahusika, zenye urefu wa mtu, zilisimamishwa katika maduka ya mtaani, mhusika mmoja duka moja, na kila mwenye duka akamchukua wa kwake kama mjukuu: alimwingiza ndani mvua ikinyesha na kumfanyia sherehe siku yake ya kuzaliwa. Sherehe ya kila Novemba ya samaki anko, yule mwenye kinywa kipana anayepikwa mchuzini, ilikuwa imehudhuriwa na watu takriban 30,000 mwaka 2011. Mwaka 2012 walikuja 60,000, na mwaka 2013 wakafika 100,000. Wako mashabiki waliohamia huko moja kwa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kama msemo huu unahitaji ushahidi, Oarai inao.

Mtaa uliofutika

Mwaka 2016 ulikuwa wa Makoto Shinkai. Filamu yake Your Name, iliyotolewa Agosti, iliingiza zaidi ya yen bilioni 25 nchini Japani, na wageni wakajaa kwenye ngazi za hekalu la Suga mjini Tokyo na katika stesheni ya Hida-Furukawa milimani Gifu. Mwisho wa mwaka seichi junrei iliorodheshwa kati ya maneno kumi yaliyovuma zaidi nchini. Lakini kwa upande wa uchoraji wa mahali halisi, filamu nzito zaidi ya mwaka huo ilianza Novemba katika kumbi 63 tu.

Sunao Katabuchi alikuwa akiiandaa In This Corner of the World, kutokana na michoro ya Fumiyo Kono, tangu mwaka 2010. Wawekezaji walisita. Mwaka 2015 wananchi 3,374 walichanga zaidi ya yen milioni 39 ili kuipa msukumo. Hadithi ni ya Suzu, msichana wa Hiroshima anayeolewa Kure, mji wa bandari ya kivita, na sehemu kubwa ya filamu ni kupika, kushona, kupanga foleni ya mgao na kuokota majani ya kuongezea chakula.

Mwanzoni Suzu, akiwa mtoto, anatumwa Nakajima, mtaa wa maduka wa Hiroshima. Mtaa huo leo ni Bustani ya Amani, kwa maana bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945 liliufuta karibu wote. Katabuchi asingeweza kutuma mpigapicha. Alikusanya picha za zamani, ramani na rekodi za hali ya hewa, akawatafuta watu waliokulia pale, ambao walikuwa sasa wazee, akawaonyesha michoro. Walimsahihisha: dirisha hili lilikuwa hivi, kibao kile kiliandikwa vile. Duka la kimono ambalo Suzu anasimama kando yake lilikuwa la zege, likabaki wima. Ndilo jengo la mapumziko la bustani hiyo. Duka la kinyozi la karibu lilichorwa pamoja na wenye nalo mlangoni. Kijana wao, aliyekuwa amehamishiwa shamba siku ya bomu na kubaki peke yake, aliishi hadi akawaona wazazi na ndugu zake kwenye skrini. Kwingineko mahali palikuwa pameusaidia mchoro. Hapa mchoro ulilipa deni.

Wageni bila mwenyeji

Kufikia hapo serikali na makampuni makubwa walikuwa wameamka. Septemba 2016 kiliundwa chama cha utalii wa anime, na Agosti 2017 kikatangaza orodha ya sehemu 88, idadi iliyochukuliwa kutoka hija ya kale ya mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku. Miji ikaanza kuziomba studio zije kuchora kwao, na mingine ikaweka bajeti. Kwa kipimo cha Kizaki na Washimiya, huku ni kuyaanzia mambo mwishoni.

Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliichoma moto studio ya Kyoto Animation. Walikufa wafanyakazi 36, wakiwamo baadhi ya waliochora Nishinomiya, Washimiya na Toyosato. Sehemu ya rambirambi ilitoka katika miji hiyo, kwa watu ambao walikuwa hawajawahi kukutana na wachoraji hao, ila waliishi ndani ya kazi yao.

Upande wa pili wa sarafu unaonekana Kamakura. Slam Dunk, katuni ya mpira wa kikapu iliyorushwa kuanzia 1993 hadi 1996, ilionyesha katika utangulizi wake kivuko cha reli karibu na stesheni ya Kamakurakoko-mae, treni ya kijani ikipita na bahari nyuma yake. Katuni hiyo ilipendwa mno China, Korea Kusini na Taiwan, na filamu mpya ya Desemba 2022 ikawaamsha waliokua nayo. Watu husimama katikati ya barabara wakisubiri treni, magari hupiga honi, taka huachwa kwenye malango ya watu, na mji umelazimika kuweka walinzi. Mgeni anafika, anapata picha yake, anaondoka. Pale kivukoni hakuna duka la kumkalisha wala mzee wa kumwuliza ametoka wapi. Kuna mandhari tu.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na haihusu ubora wa katuni wala idadi ya watu. Lucky Star si kazi kubwa kuliko Slam Dunk. Yuwaku haina bahari nzuri kuliko Kamakura. Kilichodumu kilidumu pale ambapo mtu wa mahali, muuza vitafunio, mwenye nyumba ya wageni, kuhani, alimchukua mgeni kama mtu na kumtafutia kazi ya kufanya: abebe mikoshi, aandike kibao, akumbuke siku ya kuzaliwa ya sanamu. Penseli iliweza kuufikisha mji machoni pa mamilioni. Kuwafanya warudi mwaka wa pili na wa kumi kulibaki kuwa kazi ya wenyeji, na miji inayosubiri zamu yake katika orodha ya 88 ingefanya vyema kuanzia hapo.